Kasoro Iliyo Nanga

Usafi ni sifa ya metali, na kasoro ni aibu yake. Hukumu hii ilikubaliwa na wengi kwa muda mrefu, na kwa sababu yake ukweli mmoja ulichelewa kutambuliwa.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, akaona ukinzani wa umeme umetoweka. Tumaini la kuunda sumaku zenye nguvu kwa njia hiyo lilivunjika upesi, kwani usumaku ulipozidi kiasi kidogo tu, ukinzani ulirudi. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha kuwa metali ikiwa katika hali hiyo huufukuza usumaku kutoka ndani yake. Lakini michanganyiko ya metali haikutii kanuni hiyo. Usumaku uliipenya, nayo ikaendelea kupitisha umeme bila ukinzani. Wataalamu wengi walisingizia uchafu.

Lev Shubnikov na wenzake mjini Kharkov, Ukraina, hawakuridhika na jibu hilo. Walitengeneza fuwele za risasi na thaliamu kwa uangalifu mkubwa, wakakuta mipaka miwili: katika mpaka wa kwanza usumaku huanza kuingia, katika wa pili, ulio juu zaidi, ukinzani hurudi. Basi tabia hiyo haikutokana na uchafu. Ilikuwa asili ya kitu chenyewe. Mwaka 1937 Shubnikov alikamatwa kwa mashtaka ya uongo, na tarehe 10 Novemba akauawa kwa kupigwa risasi, akiwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 1957 serikali ya Kisovieti ilimfutia hatia. Mwaka huohuo Alexei Abrikosov wa Moscow alichapisha maelezo yaliyoafikiana na vipimo vya Kharkov. Usumaku huingia kwa michirizi myembamba, na kila mchirizi huzungukwa na mkondo wa umeme mfano wa kisulisuli. Visulisuli vyote huwa na kiasi kimoja cha usumaku, navyo hujipanga kwa taratibu. Mwaka 1967 Uwe Essmann na Hermann Träuble, mjini Stuttgart, walivionyesha kwa vumbi la chuma.

Umeme upitapo, visulisuli husukumwa kando; vikitembea, nishati hupotea na ukinzani huzuka. Fuwele safi haina cha kuvizuia. Kasoro ndogo ndani ya metali ndizo nanga zao. Mwaka 1961 John Kunzler na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa niobiamu na bati hustahimili umeme mwingi ndani ya usumaku wa tesla 8.8. Leo sumaku za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili hutumia waya za niobiamu na titaniamu, ambazo kasoro zake hutiwa kwa makusudi.

Hivyo usafi ulifunua kanuni, na kasoro ikaifanya iwafae watu. Abrikosov alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Shubnikov, aliyetangulia kuiona mipaka miwili, hakuachwa aishi hata kusikia maana yake.