Uvujaji wa Maji ya Rejeta na Kuharibika kwa Pampu ya Maji

Gari linalochemsha katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, aghalabu huwa limekwishatoa ishara kabla ya safari. Pampu ya maji husukuma maji ya kupozea kati ya injini na rejeta. Chini ya mhimili wake mna tundu dogo lililowekwa makusudi na watengenezaji: sili ya ndani ikichakaa, maji hudondokea hapo badala ya kupenya kwenye beringi. Tone hilo halipaswi kuzibwa kwa gundi. Ni taarifa kwamba pampu inahitaji kubadilishwa.

Kuongeza maji ya bomba kila asubuhi huahirisha tatizo tu, tena huleta kutu ambayo kulanti ingeizuia. Maji yakipungua mno, mshale wa joto huweza hata kushuka, kwa kuwa kipimo hakiguswi tena na maji, na dereva akadhani gari limepoa. Ndipo silinda hedi hupinda, na gharama ya pampu ikawa gharama ya injini.

Dereva anayeona mshale ukipanda anashauriwa kuegesha mahali salama, kuzima injini na kutogusa mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa. Maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzijoto 100 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa, hufoka na kuunguza uso na mikono.

Kulanti yenye ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, hivyo isihifadhiwe katika chupa za maji ya kunywa.