Hata Paulo Alichunguzwa

Kabla hujatuma karo kwa chuo cha theolojia cha mtandaoni, kumbuka tulikotoka. Ndugu zetu Waadventista wa Baraton walipata hati ya chuo kikuu mwaka wa 1991. Wapentekoste walianzisha Pan Africa Christian College, Nairobi, mwaka wa 1978. Hati ikaja 2008. Miaka 30! Basi digrii ya wiki mbili inatoka wapi?

Waberoya walichunguza hata mahubiri ya Paulo (Matendo 17:11). Nawe tazama orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Jina halimo? Bonasi yako ya majani chai isiende huko. Mungu aweza kukutumia bila cheti, lakini cheti cha uongo ni uongo, hata kikitundikwa madhabahuni.