Kamusi ya Mikono

Mwezi wa Septemba, mwaka 1880, walimu wa viziwi walikutana Milan, katika nchi ya Italia, wakakata shauri kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa, na ishara ziachwe. Tangu hapo, katika shule nyingi za Ulaya na Marekani, ishara zilihesabiwa kuwa ni maigizo ya mtu asiye na lugha.

Hata ulipofika mwaka 1955, William Stokoe aliingia Chuo cha Gallaudet, Washington, kufundisha fasihi ya Kiingereza. Alikuwa bingwa wa maandishi ya kale. Ishara alijifunzia huko huko. Kwa maoni yangu ugeni huo ulimfaa, kwani wenyeji wa chuo, hata viziwi wengi miongoni mwao, walikwisha kuamini kuwa Kiingereza ndicho lugha, na ishara ni badala yake tu.

Mwaka 1960 alitoa kitabu kidogo chenye hoja kubwa. Ishara si picha nzima, bali huvunjika vipande kama neno livunjikavyo kuwa sauti: mahali mkono unapowekwa, umbo la mkono, na mwendo wake. Kibadilike kimoja, na maana hubadilika. Kidole cha shahada kikivutwa na kukunjwa mbele ya paji la uso, ni majira ya joto. Mbele ya pua, ni ubaya wa sura. Kidevuni, ni ukavu. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kuambiwa mara mbili, maana tunajua kinachotenga “pata” na “bata”. Lakini wenzake wengi chuoni walimbeza.

Mwaka 1965 ilitoka kamusi, kazi yake pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi. Haikupangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, bali kwa vipande vya ishara zenyewe. Na hapo ndipo ninapoona uzito wake, kwa kuwa mpango wa Kiingereza ungaliifanya ishara kuwa mtumwa wa neno. Mwishoni Croneberg aliwaeleza viziwi kuwa ni jamii yenye desturi na lahaja zake, akataja pia kwamba ishara za viziwi Weusi wa kusini, waliosomeshwa katika shule za ubaguzi, zilitofautiana na za Wazungu. Elimu ya utamaduni wa viziwi isomwayo leo vyuoni ina mzizi katika kurasa hizo chache.

Mwaka 1988 wanafunzi wa Gallaudet walifunga malango wakidai mkuu aliye kiziwi. Wakampata I. King Jordan, wa kwanza tangu chuo kilipoanzishwa mwaka 1864.