Makaburi ya Igoma na Kazi ya Kuyatunza

Leo twasema habari za makaburi ya Igoma, mjini Mwanza.

Katika vijiji vingi vya kando ya Ziwa Victoria, maiti huzikwa karibu na nyumba yake. Mwenye shamba akilima, hupalilia na kaburi la babaye, na watoto hulijua kwa kulipita kila siku. Lakini yako makaburi yaliyo mbali na jamaa. Alexander Mackay, mmisionari wa C.M.S., alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa, mwaka 1890, akazikwa huko. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe, Uganda, kwa watu waliomkumbuka.

Wale wa Igoma hawahamishiki. Tarehe 21 Mei, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilipinduka ilipokuwa karibu kufika Mwanza, kisha ikazama. Ilikuwa imepakia watu kupita kadiri yake, na mamia wakafa maji. Maiti nyingi hazikutambulikana, wala hapakuwa na mtu wa kuzipeleka kwao. Zikazikwa pamoja Igoma. Nani, basi, atapalilia kaburi la mtu asiyejulikana jina? Ni sisi tulio jirani.

Kila mwaka, tarehe 21 Mei, watu hukutana pale kuwaombea marehemu. Siku hiyo huangukia mwisho wa masika, majani yakiwa marefu, nayo hufyekwa. Lakini mvua za vuli huanza Oktoba, majani huota tena, na wakati huo hapana siku ya kumbukumbu. Kwa hiyo yafaa kufyeka mara mbili, kila baada ya mvua, kabla majani hayajatoa mbegu. Tena yafaa kuchimba mfereji upande wa juu wa mteremko, maji yasichukue udongo. Kujaza udongo palipodidimia. Kupanda ua wa minyaa kuzuia mbuzi. Na kuandika upya maandishi yanayofutika.

Kazi hii si heshima kwa wafu tu. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101; siku ile walikufa watu 228. Maiti nyingine zilizikwa pale pale Bwisya, kisiwani. Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili tangu Igoma, na kosa lilikuwa lile lile, la kupakia kupita kiasi.

Twawaomba walimu wa kando ya ziwa wawapeleke wanafunzi makaburini, majembe mkononi, na wakiisha kupalilia wawaeleze kwa nini watu hawa wamelala pamoja. Mtoto aliyefyeka pale, akiwa mtu mzima, huenda akakumbuka gatini, aonapo chombo kimejaa, akakataa kupanda.