Mstari wa Ujenzi Kando ya Njia za Binafsi, Kampala

Mstari wa ujenzi ni mpaka ambao ukuta wa nyumba hauruhusiwi kuuvuka. Kati yake na ukingo wa njia huachwa ardhi tupu, ingawa ni mali ya mwenye kiwanja. Kando ya barabara kuu vipimo huanzia kwenye hifadhi ya barabara. Kando ya kichochoro cha watu binafsi, fundi aliyeshika futikamba hana budi kuuliza kwanza: tunapima kuanzia wapi?

Swali hilo ni la zamani. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na ndipo lilipotoka jina la mailo, aina ya umiliki wa ardhi. Wakoloni walipanga Nakasero na Kololo kwa barabara pana na bustani mbele ya nyumba. Kibuga cha Mengo, mji mkuu wa ufalme wa Buganda uliokaa juu ya mailo, kilibaki nje ya manispaa ya Kampala hadi mipaka ilipopanuliwa mwaka 1968. Huko vijia vilifuata nyayo za watu na safu za oluwaanyi, mmea wa mipaka wa Waganda.

Leo kiwanja cha kawaida ni futi 50 kwa 100, yaani takriban desimali (sehemu za mia za ekari) 11 na nusu. Muuzaji akitamani kupata kiwanja kimoja zaidi, kinachominywa ni njia. Mnunuzi wa mbele naye husimamisha ukuta wa uzio juu ya mawe yake ya mpaka, kisha huacha nafasi ndani ya uzio. Nyumba imepata hewa na mwanga. Njia haijapanuka hata shubiri.

Sheria inamtambua mpitaji. Sheria ya Usajili wa Hati za Ardhi ya 1924 huiweka hati chini ya haki ya kupita iliyopatikana kwa matumizi, hata kama haikuandikwa humo. Mwaka 1969 ilitungwa sheria iliyomruhusu mtu aliyezingirwa, akishindwa kuelewana na majirani, kuomba kibali cha kufungua njia. Sheria ya Mipango ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, mailo ikiwemo. Lakini hakuna inayomzidi mpimaji anayeichora njia kwenye ramani ya hati kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Baadaye ni gharama: Oktoba 2015 Mahakama ya Juu iliamua kuwa serikali haiwezi kutwaa ardhi ya mtu kabla ya kumlipa fidia.

Ufinyu huo huonekana zaidi choo kinapojaa. Lori la kunyonya majitaka hukwama mdomoni mwa kichochoro, kwa hiyo katika mitaa ya namna hiyo hutumika Gulper, pampu ya mkono. Mtu husimama juu ya shimo akivuta mpini juu na chini, kinyesi kikamiminika ndani ya mapipa, na mapipa hayo hupitishwa moja moja kati ya kuta mbili hadi kwenye gari linalongoja barabarani.