Rejista ya Wahalifu Haikuungua

Tarehe 2 Septemba 1845 meli iliyoitwa Tasmania iling'oa nanga katika bandari ya Kingstown, mji ambao leo unaitwa Dún Laoghaire, kusini kidogo ya Dublin. Ilibeba wanawake wafungwa 138 pamoja na watoto wao 35. Miongoni mwao alikuwamo Margaret Butler wa Carlow, aliyehukumiwa kuhamishwa ng'ambo miaka saba kwa kuiba viazi mviringo. Alikuwamo pia Eliza Davis, aliyetolewa gereza la Wicklow. Huyu alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wake mchanga, kisha adhabu ikapunguzwa akapewa uhamisho wa maisha. Safari yao ilikuwa ya kwenda Van Diemen's Land, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, ambacho mwaka 1856 kilibadilishwa jina rasmi na kuitwa, kama ile meli, Tasmania.

Siku kumi na moja baada ya meli kuondoka, gazeti la Gardeners' Chronicle la London lilitangaza kwamba ugonjwa wa viazi umeingia Ireland. Miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi. Zao ambalo Margaret alifungwa kwa ajili yake lilikuwa likioza mashambani wakati yeye yuko baharini.

Miaka saba kwa viazi inatushtua leo, lakini kwa majaji wa wakati ule ilikuwa hukumu ya kawaida. Uhamisho ulikuwa na kazi mbili: kuipunguzia nchi watu wasiotakiwa, na kuzipatia koloni nguvu kazi. Wanawake walihitajika kwa sababu ya ziada, kwani wanaume katika koloni walikuwa wengi kupita kiasi na serikali ilitaka wake na watumishi wa nyumbani. Kuanzia 1788 hadi 1853 wanawake wapatao 25,000 walipelekwa Australia, na karibu nusu yao walifikia Van Diemen's Land. Waingereza, Wairishi, Waskoti na Wawelshi, wengi wao kwa wizi mdogo mdogo: nguo, kitambaa, chakula.

Kesi ya Eliza ni nzito zaidi, na msomaji hana budi kuitazama bila kuikwepa. Alikuwa mtoto wa kuokotwa. Dublin palikuwa na taasisi kubwa ya watoto walioachwa, ambayo iliwatuma vichanga kwa wanyonyeshaji wa kulipwa huko vijijini, Wicklow ikiwemo, na wengi walikufa kabla hata ya kutembea. Aliyepona alikua bila mjomba, bila shangazi, bila mlango wa kubisha siku ya shida. Msichana wa namna hiyo aliishia utumishi wa ndani, na mtumishi aliyepata mimba nje ya ndoa alifukuzwa kazi siku tumbo lilipoonekana. Hayo hayamrudishi mtoto aliyekufa. Ila yanaeleza kwa nini kesi za aina hii zilijirudia sana katika mahakama za Ireland, na kwa nini watawala, baada ya jaji kutamka neno la kifo, mara nyingi walilibadilisha kuwa uhamisho. Walijua wanachokiona.

Kabla ya kupanda meli wafungwa wanawake walikusanywa Grangegorman, Dublin, katika gereza lililotengwa kwa ajili ya wanawake tu tangu 1836, jambo ambalo halikuwapo kwingine katika visiwa vile. Huko walifundishwa kushona, kufua na kusoma kidogo, ili wafike koloni wakiwa watumishi wanaofaa.

Hapa mtafiti wa leo anakutana na kinaya kinachostahili kusimuliwa polepole. Mwishoni mwa Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa lililokuwa katika eneo la mahakama za Four Courts, Dublin, lililipuka na kuungua. Humo zilikuwamo karatasi za sensa za 1841 na 1851, zilizoandika majina ya watu nyumba kwa nyumba, na karibu zote ziliteketea. Lakini rejista za wafungwa wa uhamisho kuanzia 1836, pamoja na barua za kuomba msamaha, zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, katika ngome ya Dublin, miongoni mwa karatasi za ofisi ya katibu mkuu wa serikali. Zikasalimika. Kwa hiyo jirani wa Margaret Butler, mama aliyelala njaa bila kugusa kiazi cha mtu, mara nyingi hana hata mstari mmoja unaothibitisha kwamba aliishi. Aliyeiba ana jina, umri, kosa, mahakama na meli. Mwaka 1988, Australia ilipoadhimisha miaka 200 ya meli za kwanza za wafungwa, zawadi ya serikali ya Ireland ilikuwa nakala za rejista hizo hizo.

Barua za kuomba msamaha ndizo zinazonivuta zaidi. Mfungwa asiyejua kuandika alimwendea karani, mwalimu au padri, naye akamwandikia mtawala mkuu kwa lugha ya kunyenyekea iliyojaa vyeo. Chini ya maneno hayo marefu, mwenye shida aliweka alama ya msalaba. Ukisoma barua kadhaa unaanza kutofautisha sauti mbili: ya mwandishi anayejua jinsi ya kumsifu mkubwa, na ya mama anayetaka kujua watoto wake watakula nini.

Meli ilitia nanga Hobart tarehe 3 Desemba 1845, baada ya miezi mitatu ya bahari. Ndipo kalamu ilipoanza kazi kwelikweli. Makarani walimhoji kila mwanamke: kosa lako ni lipi, umewahi kufungwa kabla, umeolewa, una watoto wangapi, una ndugu wapi, dini gani, unajua kusoma, kazi gani unaiweza? Karani alikuwa tayari na karatasi zilizotoka Ireland, hivyo aliyedanganya alijulikana. Kisha wakapimwa urefu bila viatu. Karani akaandika rangi ya nywele, nyusi na macho, umbo la pua, kidevu, mdomo na paji la uso, madoa ya jua, makovu ya ndui, kidole kilichopinda. Ilikuwa kazi ya polisi, ya kumtambua atakayetoroka. Picha za kamera zilikuwa bado anasa ya wachache, na watu maskini wa miaka ile kwa kawaida hawakuacha sura zao popote. Wajukuu wa wanawake hawa wanajua rangi ya macho ya bibi yao kwa hisani ya jela.

Kutoka melini, wanawake wa wakati huo walipelekwa kwenye Anson, meli kuukuu ya kivita iliyotiwa nanga katika mto Derwent na kugeuzwa gereza. Walikaa humo miezi sita ya majaribio wakifundishwa kazi za nyumbani chini ya Philippa Bowden, matroni aliyeletwa kutoka Uingereza. Watoto waliokwishaacha ziwa walitenganishwa na mama zao na kupelekwa kwenye shule ya yatima huko New Town. Kuwaita yatima watoto ambao mama zao walikuwa hai umbali wa matembezi tu ni ukatili ambao makarani hawakuuona kuwa ukatili. Waliandika tarehe ya kuingia, na siku ya kutoka wakaandika tena.

Baada ya miezi sita mwanamke alikodishwa kwa bwana au bibi, kwa mshahara mdogo, na ukurasa wake katika rejista ya mwenendo ukaendelea kujaa. Kumjibu bibi kwa ufidhuli, kulewa, kukutwa nje usiku, kutoweka bila ruhusa: kila kosa na tarehe yake, jina la hakimu na adhabu. Adhabu mara nyingi ilikuwa kurudishwa Cascades, jela ya wanawake iliyofunguliwa 1828 katika kiwanda cha zamani cha pombe bondeni chini ya mlima, mahali penye unyevu na pasipopata jua la kutosha. Huko walifua nguo za mji kwenye mapipa ya maji baridi, au walifungiwa peke yao kwa mkate na maji. Mwandiko wa makarani ni mdogo, umebanwa hadi pembezoni. Mwanamke mtukutu ana ukurasa uliojaa pomoni, na aliyetii ana ukurasa karibu mtupu, hata mtafiti anayemtafuta bibi wa ukoo wake hujikuta akiomba awe aliwahi kuvunja dirisha.

Kuolewa nako kulihitaji kibali cha serikali, na ombi likaandikwa kitabuni. Eliza aliolewa na kuzaa huko huko kisiwani. Kwa aliyehukumiwa maisha, msamaha uliokuwa ukitolewa kwa kawaida ulikuwa wa masharti: angeweza kuishi na kusafiri, ila asirudi Uingereza wala Ireland.

Miaka saba ya Margaret ilikuwa ikimalizika 1852. Aliyemaliza kifungo alikuwa huru kisheria kurudi kwao, lakini serikali iliyomlipia nauli ya kwenda haikumlipia ya kurudi, na mshahara wa mtumishi haukutosha kununua nafasi melini. Mwaka uliotangulia dhahabu ilikuwa imegunduliwa Victoria, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bass, na maelfu ya waliokuwa wafungwa walivuka kwenda kuitafuta. Victoria haikuwapenda. Mwaka huo huo wa 1852 ilipitisha sheria ya kuwazuia wenye msamaha wa masharti, na aliyetoka Van Diemen's Land alitiliwa shaka hata akiwa na cheti halali mfukoni. Wengi walibadili jina gatini Melbourne, wakajitangaza kuwa wahamiaji waliojilipia nauli, na watoto wao wakalelewa katika hadithi hiyo. Kwa hao, ukurasa wa mwisho unaosomeka ni ule wa Hobart.