Mwajemi na Msokoke

Mke wangu alipofariki, nyumba yetu ya Malindi ilibaki na wakazi wa aina mbili: mimi na panya. Panya walijitwalia stoo, mimi nikabaki barazani. Mwanangu aliyeko Nairobi akanipigia simu: "Baba, nitakuletea paka wa Kiajemi. Ana manyoya marefu, tena mpole. Atakuliwaza." Juma lilo hilo jirani yangu, mama wa Kigiriama aliyehamia kutoka Gede, akaja na habari yake: "Mwalimu, paka wetu kazaa. Ni wale wenye mabaka kama gome la mti. Njoo uchague mmoja."

Nimefundisha historia miaka mingi, na mwalimu wa historia hachagui hata paka kabla ya kuuliza: huyu ametoka wapi?

Nilianza na Mwajemi. Katika karne ya 17 msafiri wa Kiitalia, Pietro della Valle, aliandika habari za paka wa manyoya marefu wa Khorasan, huko Uajemi, akatamani kuwapeleka kwao. Paka wa namna hiyo walipendwa sana Ulaya. Tarehe 13 Julai 1871 Harrison Weir alipoandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, Waajemi walikuwapo. Baadaye wafugaji wakawa wanachagua wenye pua fupi, kisha fupi zaidi, hata uso ukawa bapa. Ndiyo maana wengi wao leo hupumua kwa taabu na macho yao hayakauki machozi. Lakini mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzao walitangaza matokeo ya kupima nasaba za paka. Mwajemi alionekana kuwa ndugu wa paka wa Ulaya Magharibi, si wa Uajemi. Jina la huku, damu ya kule.

Nilicheka peke yangu, nikamgeukia Msokoke. Wagiriama humwita kadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jeni Slater aliwaokota watoto wa paka hao katika shamba lake la minazi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 1984 Gloria Moeldrup alichukua wawili akawapeleka Denmark, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 wakakubaliwa Ulaya kuwa aina ya paka inayojitegemea. Watu wakamsifu kwamba ni paka wa msituni, mwenyeji halisi. Nami nikavimba kichwa: huyu ndiye wetu!

Naam, furaha yangu haikudumu. Utafiti ule ule wa 2008 ulimweka Msokoke pamoja na paka wa mitaani wa Lamu na Pate. Na mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani ni uzao wa paka mwitu wa Mashariki ya Karibu. Huko Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu kalazwa na paka wake kando. Basi huyu wa Sokoke naye mababu zake walikuja. Mabaharia walifuga paka kwa sababu ya panya, na kwa maoni yangu hakuna njia iliyo rahisi zaidi kuliko jahazi lililosukumwa na upepo wa kaskazi.

Msomaji utaniwia radhi, maana hapo niliacha kufikiria paka. Baba yangu alikuwa wa ukoo wa Hadhramaut, mama yangu Mgiriama. Shuleni niliambiwa nirudi kwetu Uarabuni. Kwa shangazi zangu nilikuwa mtoto wa mwanamke wa kutoka bara. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini mimi maisha yangu yote kwetu ndiko kulikonikataa. Marehemu mke wangu alizoea kunituliza: "Kwenu ni pale unapozika." Nilidhani ananifariji tu. Sasa nimemzika hapa, nami namwelewa.

Basi niliacha hoja ya asili, nikauliza ya kuishi. Mwajemi anataka kuchanwa manyoya kila siku, na joto letu la Februari lingemtesa. Msokoke ana manyoya mafupi, mepesi, miguu mirefu, na joto kwake ni starehe. Nikampigia mwanangu, nikamshukuru, nikamwambia Mwajemi awaachie wajukuu huko Nairobi kwenye baridi.

"Lakini Baba, huyo si paka wa kienyeji tu?"

"Mwanangu," nikamjibu, "wenyeji huanza siku mtu anapokaa."

Huu ni mwaka wa tatu. Panya wamehama stoo. Jioni nikikaa barazani, paka hulala kwenye kiti cha marehemu, nami simfukuzi.